Ombi Namba Tisa

Abemama, 3 Machi

Kwako Mjomba Kautu,

Mauri. Nakusalimu toka kisiwani; huku sote wazima, ila Mama na goti lake. Tarawa mnaendeleaje, na kifua chako?

Nimetuma ombi langu la fedha za utafiti kwenye kamati yenu. Najua majina mnafichiwa, kwa hiyo sikuambii ni lipi, nawe usiniulize. Ajira yangu inakwisha Juni. Nikikosa, naenda Australia kuchuma zabibu, na Mama atabaki peke yake na mashimo yake ya magimbi. Naogopa, Mjomba.

Mpwa wako,
Rotia

Tarawa, 18 Mei

Mpwa wangu Rotia,

Mauri. Kifua kimetulia, kichwa ndicho kimevurugika. Mpe dada yangu pole ya goti.

Kamati ilikutana jana. Ombi namba tisa lilihusu mashimo yanayoingia chumvi, likataja mbolea ya majani yetu, yale yale, kwa mpangilio ule ule ambao Mama yako hamfundishi hata mkwe. Nikajua ni wewe. Kanuni inanitaka nitoke nje likiwa ombi la ndugu. Lakini nikitoka, wote watajua ni la kwetu! Nikabaki.

Wenzangu walikuwa wameliwekea alama za juu kwenye karatasi zao. Ila unatujua: kama tuko maneabani kwenye mkutano wa kijiji, wakaningoja mimi mkubwa wao kwa umri nianze. Kwa kuogopa kukupendelea nikasema, "Hili nina mashaka nalo kidogo." Basi! Mwenyekiti wetu Beniata akadakia, "Hata mimi nilikuwa na mashaka." Uongo mtupu, alikuwa ameliwekea nane kati ya kumi. Kila mtu akashika kalamu akapunguza. Nafasi ya mwisho ikaenda kwa namba nne, la visima.

Mpaka sasa sijui nililiona baya, au nililiona lako. Nisamehe.

Mjomba wako,
Kautu

Abemama, 2 Juni

Mjomba,

Mauri. U mzima? Basi kaa chini kwanza.

Namba nne ni langu! Barua ya kamati imefika jana, nimepata. Mimi niandike majani ya Mama kwenye karatasi za serikali? Si angenichinja! Nikaruka kwa furaha, halafu nikakumbuka barua yako, nikaisoma tena. Sasa tisa ni la nani? Nimemsomea Mama barua hiyo, akasema tu, "Hebu niache," akatoka nje. Sielewi kitu.

Mpwa wako,
Rotia

Tarawa, 14 Juni

Rotia,

Mauri, natumaini mko salama. Mimi nipo nipo tu.

Nilimwendea Beniata nikamwomba tulirudie namba tisa. Akacheka: "Mzee, si wewe uliyelitilia mashaka? Sisi tulikufuata." Ati nikieleza kwa maandishi kwa nini nilisema vile, alama za mwanzo zitarudi. Zikirudi, namba nne, lako, linatoka.

Nilijikaza nisikupendelee, kumbe ndivyo nilivyokupa hizo fedha. Nimechanganyikiwa, mwanangu. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza.

Mjomba wako,
Kautu

Abemama, 27 Juni

Mjomba,

Mauri. Goti la Mama lina nafuu, moyo wake hauna.

Ameniambia. Mwaka ule alipolazwa, aliyetunza mashimo yetu ni Tiria, yule mjane anayefundisha kilimo shuleni. Mama akamfundisha majani kwa siri. Hata wewe kaka yake alikuficha. Namba tisa ni la Tiria. Naye shule imemaliza mkataba wake, sasa anakwenda kwenye zabibu. Ndege yake ni Jumanne ya wiki ijayo. Jana nilimkuta akigawa kuku wake.

"Hongera, Rotia," akaniambia, "umetutoa kimasomaso." Akanipa kuku. Nikampokea.

Nimekuandikia barua tatu za kukuambia unyamaze, zote nimezichana. Sema kwa kamati, Mjomba. Sema upesi, kabla sijaandika ya nne.

Mpwa wako,
Rotia