Disketi Iliyoombewa

Mama Happiness, uko peke yako? Usimsomee mtu.

Ile kompyuta kuukuu ya kanisa, yenye majina ya kipaimara, iligoma kuwaka. Mwinjilisti Godfrey akawa anatengeneza disketi ya kuiwashia, akitumia kompyuta ya pili. Disketi haiandikiki. Mara tano! Akasema, "Akina mama, hili pepo. Tufumbe macho tuombe."

Mimi sikufumba!! Nikaona disketi ina kidude pembeni, nikakumbuka kaseti za marehemu mume wangu, kile cha kuzuia kurekodi. Nikakisukuma kwa ukucha.

Kusema amina tu, Godfrey akajaribu tena, ikaandika! Kompyuta ikawaka! Vigelegele!

Sasa Mchungaji anataka Jumapili nishuhudie muujiza. Nikisema kweli, watajua miaka yote naomba huku nachungulia 🙈