Bibi wa Muhamadi

Mbugangari, Gisenyi
14 Novemba 1999

Mpendwa mwanangu Shema,

Hujambo huko Montreal? Baridi imekwisha kuanza? Hapa tu wazima, ila goti langu la kushoto bado linanisumbua. Mvua ni nyingi, viazi vya Mudende vinafika sokoni vimejaa tope, nasi tunavila hivyo hivyo.

Barua zenu za kompyuta nazipata kila Jumamosi. Ndugu yako Phocas anazichapa kazini kwake Kigali na kumpa dereva wa basi, nami nazisoma nyumbani kwa sauti. Binti yangu Umurerwa anasema nasoma kama padri. Kundi hilo la familia ulilolianzisha ndilo linalonijulisha nani kazaa na nani kahama. Asante sana, mwanangu.

Sasa swali lako. Umeniuliza kama ulifanya vyema kumfungia binamu yako Muhamadi, yaani kuiamuru kompyuta yako itupe barua zake kabla hujaziona, na kuwashauri wengine wafanye vivyo hivyo. Wakati ule nilikupigia makofi. Mtu akituandikia sote "Muko banyama", yaani ninyi ni wanyama, nani atapenda kumsoma tena? Na yule mgeni aliyekuwa akitutumia sala za kunakili mara ishirini la sivyo tupate balaa, huyo mfungie hata milele, sitakulaumu.

Lakini wiki iliyopita nilivuka kwenda Goma kununua vitenge, nikapitia kwa Muhamadi. Nilikwenda kumgombeza, sikufichi. Mtoto wa dada yangu Mukashyaka atutukane hivyo? Nikamkuta ameketi mlangoni, anamnywesha mtoto mchanga maziwa kwa kijiko. Nikamwuliza yuko wapi mkewe, Languida.

"Tantine, mama mdogo, si niliandika? Bibi yangu alikufa."

Shema, nilikaa chini kando yake. Kumbe Languida alifariki siku ile ile aliyojifungua, na Mukashyaka, anayekaa naye, alidhani sote tunajua na tumepuuza. Wewe uliyekulia Tabora ulisoma "bibi" ukamfikiria yule kikongwe mzaa baba yake, ukamjibu mbele ya kundi zima kwamba bibi amekula chumvi nyingi, ashukuru Mungu, asilie kama mtoto. Phocas naye akatania kwamba tutamtafutia mwingine. Ndipo akatuita wanyama.

Mjinga kuliko nyote ni mimi. Miaka mitano nafanya biashara Goma, kila siku nawasikia wanaume wakisema "bibi yangu" kwa maana ya mke, lakini kwenye karatasi nikasoma kwa Kiswahili changu cha Tabora. Matusi yalipofika nikanuna, nikasema sitii mguu kwake hata kuhani msiba. Naona aibu kubwa.

Usingemfungia, angetukana siku mbili tatu, kisha mmoja wetu angeuliza kulikoni. Tulipomnyamazisha tulipata utulivu, ndiyo, ila hatukujua tumemkosea nini. Na siku hizi watu wanaandika salamu tupu, kila mmoja anaogopa kuwa wa pili kufungiwa. Mgeni anayetuchezea, sawa, afungiwe. Ndugu mwache aseme hasira yake, hata akiisema vibaya.

Mfungulie, baba. Mwandikie wewe kwanza, usimtume Phocas. Hana kinyongo nawe. Amekwisha kukuandikia mara tatu, wewe peke yako, na kompyuta yako imezitupa zote.

Umurerwa na mdogo wake Gisa wanakusalimu sana, na Mukashyaka pia, anauliza utaoa lini. Mtoto wa Muhamadi naye anakusalimu. Ni wa kiume, ana wiki kumi na moja, mzito kweli, nimembeba mpaka mkono ukafa ganzi. Jina sikutajii kwa sababu bado hana. Baba yake anataka kumpa lako, na tangu Septemba anangoja umjibu kama unakubali.

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na usingizi mwema.

Shangazi yako anayekupenda, hata tukikosea pamoja,

Xavérine