Ubao wa Tatu

Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani na magoti yametulia, maana wifi yangu Blandina aliniandikia kwamba baridi ya mwezi wa sita imeyaanzisha tena. Sisi huku hatujambo. Mume wangu kikohozi kimemwachia, watoto wanakula kuliko wanavyosoma, na mimi bado nafua mashuka ya hospitali, mikono yangu ukiishika utadhani ni ya mvuvi.

Barua yako niliisoma nimesimama. Unasema kaka yangu Kastori amechimba msingi wa nyumba kwenye mchanga ulioachwa na maji, chini ya ubao wa tatu wa kupimia kina cha ziwa, ule wa juu nchi kavu, na matofali yanachomwa mwezi huu. Ulipomkataza akakujibu kwamba hizo ni hadithi za wazee, ziwa limeshaondoka, na siku hizi za biashara huria mwenye akili anajenga karibu na mitumbwi. Ukaingia ndani kumletea vitabu vyako vya vipimo, ukakuta hakuna hata kimoja. Baba, usimlaumu Blandina peke yake. Marehemu Mama ndiye aliyeanza kuchana kurasa zile kufungia usipa, dagaa wetu wa ziwani, wa kuuza, na mimi nilikuwa msaidizi wake mkuu. Tulijua nakala ilishakwenda serikalini, na kitu kilichokwenda serikalini hatukutegemea kukiona tena.

Kilichoniuma ni pale mwishoni, ulipoandika kwamba tangu Kastori akucheke umeacha kwenda kusoma mbao za maji. Ukasema miaka yote hiyo umetuma namba kila mwezi na hakuna aliyekujibu hata mstari mmoja. Hapo nikajua umeumia kweli, maana sijawahi kukusikia ukidai kujibiwa.

Basi Jumatano niliomba ruhusa kazini, nikavaa gauni la kanisani, nikaenda ofisi ya maji kama ulivyonituma, kutafuta namba za mwaka ule unaokumbuka maji yalipanda. Nakwambia ukweli, mlangoni niliogopa. Nilikumbuka ile siku tulipokwenda wote wilayani kuuliza ramani ya kijiji, karani akatuonyesha jalada lenye mhuri wa siri, kisha akalikalia. Mambo ya uwazi tunayosikia redioni kila jioni niliyaona ni maneno ya redioni tu.

Nilimkuta mama mmoja wa makamo, mnene, ana miwani iliyofungwa kwa uzi. Akaniuliza natoka ofisi gani. Nikamwambia sitoki ofisi yoyote, natoka Lituhi, na baba yangu ndiye anayesoma mbao za ziwa kule. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Yeye akasema zamani angenidai barua ya mkuu wangu wa kazi, lakini sasa wameambiwa vipimo ni vya wananchi, mtu aje, asome, anakili anachotaka. Akanivutia kiti.

Baba, alirudi amebeba majalada mpaka kidevuni. Akafungua la kwanza na mimi nikauona mwandiko wako. Ile saba yako uliyoikata tumboni kama wamisionari walivyowafundisha. Karatasi imegeuka rangi, lakini wino upo. Kila asubuhi ya utoto wangu ilikuwa pale mezani: asubuhi ulizokunja suruali ukaingia majini hata kama kuna mawimbi, asubuhi Mama alipokuita mume wa ziwa, asubuhi nilizokuletea uji ukapoa kwa sababu ulikuwa unasubiri maji yatulie usome vizuri.

Tena si hayo tu. Alinionyesha kitabu kilichopigwa chapa, namba zako zimepangwa humo mwezi kwa mwezi. Alisema waliochora gati walikitumia, na kuna kijana wa chuo kutoka ng'ambo ya ziwa alikaa wiki nzima kwenye kiti nilichokalia akizinakili. Kumbe huyo mzee tuliyemcheka, watu wa ng'ambo wanafanyia kazi macho yake. Jina lako halimo, wameandika Lituhi tu. Niliona vibaya kidogo, halafu nikaona fahari.

Halafu nikafika kwenye ukurasa wenye nafasi wazi, siku nne hazina namba. Nikatazama mwezi, nikatazama mwaka, nikajua. Yule mama aliniona nimeweka kidole pale.

"Hapo hakusoma," akasema. "Wasomaji wengine wakikosa siku hukisia wakajaza. Huyu aliacha wazi. Ndiyo maana namba zake tunaziamini."

Nikamwambia, "Hizo ni siku za msiba wa mama yangu."

Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Sikujua kama msiba wetu umetunzwa na serikali, Baba. Nililia pale pale, wala sikuona haya.

Sasa sikia ulichonituma. Tulitafuta mwaka niliopata kipaimara, ule ambao Kastori alikuwa kwa Shangazi kule Mbinga anashiba mahindi ya milimani. Umekumbuka sawasawa. Tangu mwezi wa tatu mpaka wa sita hukuandika ubao wa kwanza wala wa pili. Uliandika ubao wa tatu, huo huo ambao leo Blandina anafungia mbuzi. Maji yalisimama juu ya ulipo msingi wa Kastori kwa miezi mitatu na zaidi. Kurasa zote nne nimezinakili kwa mkono, na yule mama amezigonga mhuri. Si wa siri safari hii.

Usimpigie kelele. Mpe karatasi, msimame wote penye yule mbuzi, asome mwenyewe kwa sauti. Kastori ni mbishi ila si mjinga, na ana watoto watatu wa kulala kwenye nyumba hiyo.

Nisalimie Shangazi, mwambie kahawa aliyotuma bado tunaigawa kwa kijiko. Nisalimie wifi yangu Blandina na watoto wake, na katekista aliyeniandikia cheti cha ubatizo cha mwanangu. Anayekuletea bahasha hii ni mwalimu wa Lipingo aliyekuja kutibiwa, mpe samaki.

Nimebakiza jambo moja. Nilipokuwa naondoka, yule mama aliniuliza taratibu kama Baba yangu amefariki. Nikashtuka, nikamwuliza kwa nini. Akanionyesha mstari wa mwisho wa namba zako, akasema: "Miezi mitatu hatujapata kitu kutoka Lituhi. Tumekuwa tukiuliza kila posta ikija." Miaka yote hawakukujibu, Baba, lakini uliponyamaza walisikia.

Amekupa kitabu kipya, nimekifunga kwenye kanga. Blandina asikiguse. Kesho asubuhi kunja suruali, uende na Kastori. Na ile miezi mitatu usiikisie. Iache wazi, kama ulivyoziacha siku za Mama.

Mimi binti yako anayekuheshimu kuliko alivyojua,
Oresta