Usaili Aliofanya Baba: Kumbukumbu za Kikao cha Tano cha Kamati ya Binti

KAMATI YA MASOMO NA KAZI YA BINTI
KIKAO CHA TANO (MWAKA WA TATU, MUHULA WA KWANZA)

Tarehe: Jumamosi, 14 Septemba
Mahali: Sebuleni
Kuanza: Saa nane na dakika kumi mchana (kilipangwa kuanza saa saba kamili)

WALIOHUDHURIA
1. Baba, fundi wa lifti: Mwenyekiti
2. Mama, msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini: Makamu Mwenyekiti
3. Shangazi, dada mkubwa wa Mwenyekiti, msimamizi wa mitihani mstaafu: Mjumbe
4. Binti, mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo, ambaye ndiye anayejadiliwa: Katibu (hana kura)

AMBAYE HAKUHUDHURIA
Mjomba, kwa taarifa ya kuumwa mgongo. Shangazi aliomba iandikwe kwamba akiwa njiani alimwona mgonjwa huyo mbele ya duka la televisheni, akirukaruka kushangilia bao. Imeandikwa.

KUMB. NA. 1/5: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kuwakumbusha kwamba Kamati iliundwa siku Binti alipopata barua ya chuo, ili asije akamaliza miaka minne ndipo aanze kuuliza kazi zinapatikana wapi. Alionyesha chati iliyobandikwa ukutani: mwaka wa kwanza kujijua, wa pili kutembelea sehemu za kazi na kuuliza maswali, wa tatu mafunzo kwa vitendo, wa nne kuomba kazi. Alisema mpaka sasa mambo yanakwenda kama saa. Alisema hivyo huku akijifuta jasho, na feni ilikuwa inafanya kazi vizuri tu.

KUMB. NA. 2/5: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA NA YATOKANAYO
Shangazi alipinga ukurasa wa pili wa kumbukumbu za kikao cha nne, palipoandikwa kwamba alisinzia. Alieleza kwamba alikuwa anatafakari. Baada ya mvutano wa dakika tisa ilikubaliwa isomeke "alitafakari kwa sauti".

Kuhusu ziara za mwaka wa pili, Katibu aliripoti kwamba alitembelea karakana tatu. Katika ya tatu alisindikizwa na Makamu Mwenyekiti, ambaye aliuliza maswali kumi na saba na Katibu moja. Makamu alijitetea kwamba mtoto alikuwa amekaa kimya kama maji ya mtungi, naye asingeweza kuvumilia. Karakana hiyo inaendelea kuulizia kofia yake ngumu ya wageni. Makamu aliahidi kuitafuta.

KUMB. NA. 3/5: NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO
Mwenyekiti alimwomba Katibu atoke nje kwa kuwa yeye ndiye anayejadiliwa. Katibu aliuliza nani ataandika. Mwenyekiti alijibu kwamba hilo litaangaliwa baadaye. Katibu alitoka na daftari lake, akakaa kwenye ndoo chini ya dirisha la sebule, na ajenda hii imeandikwa kutokea hapo.

Mwenyekiti alishusha sauti (si sana) na kueleza kwamba ipo kampuni inayosanifu mashine za kuwanyanyua wagonjwa kitandani, ile ambayo Binti hulala akiiota na kuamka akiizungumzia. Binti aliomba nafasi huko mwezi uliopita. Kwa kuwa simu ya Binti huwa haina chaji, Mwenyekiti alikuwa amemshauri aandike kwenye fomu namba ya baba yake. Fomu yenyewe ilihitaji jina la ukoo na herufi moja tu ya jina la kwanza.

Jumanne iliyopita simu ilipigwa. Mwenyekiti alikuwa juu ya paa la lifti, ghorofa ya sita. Mhandisi mmoja mwanamke aliuliza kama anaongea na mwombaji wa nafasi. Mwenyekiti alijibu, "Ndiyo, tunaomba."

Makamu aliuliza kwa nini hakusema yeye ni baba. Mwenyekiti alijibu kwamba alitaka kusema, ila yule mama akauliza swali la kwanza palepale, na lilikuwa swali tamu.

Shangazi aliuliza yalikuwa maswali mangapi. Mwenyekiti alisema matano. Shangazi aliuliza yeye alijibu mangapi. Mwenyekiti alisema, kwa sauti ambayo Katibu alilazimika kusimama juu ya ndoo ili aisikie, "Yote."

Aliendelea kueleza kwamba Alhamisi uliingia ujumbe: nafasi imepatikana, mwombaji athibitishe kabla ya saa kumi jioni ya leo, na Jumatatu aripoti kazini.

Hapa Katibu alirudi ndani bila kuitwa. Ndoo ilianguka. Katibu alitamka maneno ambayo, baada ya kushauriana na Makamu, hayataingizwa humu. Ikumbukwe kwamba Katibu alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na hadi anaandika haya hajajua alianza na kipi.

KUMB. NA. 4/5: MJADALA
Makamu alipendekeza Binti athibitishe na aende Jumatatu kama kawaida. Wakiuliza mbona sauti imebadilika, aseme alikuwa na mafua na sasa amepona. Mwenyekiti aliunga mkono, akisema damu ni ileile na ubongo ni uleule.

Shangazi aliomba nafasi, akasimama. Alieleza kwamba kwa miaka thelathini na moja amewatoa watu kwenye vyumba vya mitihani, wengine wakiwa wameandika majibu kwenye mapaja, lakini hajawahi kukutana na mtahiniwa aliyefanyiwa mtihani na mzazi akiwa juu ya lifti. "Huu ni udanganyifu, mdogo wangu," alisema. "Tena wa daraja la kwanza. Mtoto ataingia kwa majibu yako, na siku ya pili tu watamuuliza jambo, abaki anawatolea macho. Hapo utamtumia majibu kwa dirisha?"

Mwenyekiti aliomba radhi. Alieleza kwamba hakukusudia kumharibia mwanawe. Alisema aliacha shule darasa la nane akaanza kubeba mifuko ya vifaa vya mafundi, na toka siku hiyo watu humwambia kilichoharibika na humwambia afanye haraka. Hakumbuki mtu aliyewahi kumuuliza anafikiri nini kisha akanyamaza kungoja jibu. Yule mama alinyamaza, akangoja.

Shangazi aliketi.

Makamu aliomba kura ipigwe. Kura zililingana, mbili kwa mbili, mara tu Katibu aliponyoosha mkono upande wa Shangazi, wa kusema ukweli. Mwenyekiti alikumbusha kwamba Katibu hana kura. Katibu aliuliza ni nani anayekwenda kufanya hayo mafunzo. Shangazi alidai katiba ya Kamati iletwe. Ilibainika kwamba katiba ilitumika kufungia vitumbua muhula uliopita.

Wakati wajumbe wakiendelea kujadili kama Katibu ana kura, Katibu alichukua simu ya Mwenyekiti mezani na kupiga.

KUMB. NA. 5/5: SIMU
Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Simu iliwekwa kwenye spika kwa amri ya Shangazi. Katibu alimweleza mhandisi jina lake kamili, na kwamba aliyejibu maswali Jumanne hakuwa yeye. Alisema anaitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote, na kwamba wakiifuta ataelewa. (Asingeelewa. Iandikwe hivyo.)

Mhandisi alicheka sana. Alisema alishuku. "Mwanafunzi gani anamwita msaili 'mwanangu' mara mbili?" Alisema bosi wake alishamwambia fomu ya Binti inatosha kumpa nafasi, yeye alitaka tu kujiridhisha kwa maswali. Basi ajiridhishe sasa. Binti ayajibu papo hapo, matatu tu kati ya yale matano.

Swali la kwanza: mgonjwa yuko juu, umeme umekatika, nini kinamzuia asianguke? Katibu alijibu kwamba breki hufungwa na springi, na kazi ya umeme ni kuifungua tu. Umeme ukikatika, breki hujifunga yenyewe. Mhandisi alisema sawa.

Swali la pili: kwa nini mkanda unaombeba mgonjwa upimwe kwa uzito unaozidi wake? Katibu alijibu kwamba mgonjwa si gunia, hushtuka na hujitupa. Mhandisi alisema sawa.

Swali la tatu: mashine inapiga kelele ikishuka tu, ikipanda haina neno, utaanzia wapi? Katibu alitaja beringi, kisha breki, kisha akarudi kwenye beringi. Wakati huo Mwenyekiti alikuwa ameziba mdomo kwa mto wa kochi, na Makamu alikuwa ameushikilia huo mto kwa mikono miwili.

Mhandisi alisema, "Hapana. Utaanzia kwa nesi. Yeye ndiye anayeitumia kila siku, muulize ilianza lini na siku hiyo walimbeba nani. Hilo halimo kitabuni. Nilijibiwa hivyo Jumanne." Kisha alisema: Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, aje mwenyewe na viatu vigumu, na namba ya simu kwenye fomu ibadilishwe.

Kikao kilivurugika kwa muda wa dakika nne. Shangazi, ambaye ana magoti mabovu, alionekana akiruka. Makamu alimbusu Katibu, kisha Shangazi, kisha simu.

Simu ilikuwa haijakatwa. Mhandisi aliuliza yule mzee wa Jumanne ni nani. Katibu alijibu, "Baba yangu. Fundi wa lifti." Mhandisi aliuliza alisoma chuo gani. Katibu alisema hakusoma chuo chochote.

Mhandisi alisema: "Nimewauliza watu ishirini na wawili maswali yale matano. Aliyeyapata yote ni yeye peke yake. Mwambie."

KUMB. NA. 6/5: MENGINEYO
Mwenyekiti aliomba sentensi hizo ziingizwe kwenye kumbukumbu neno kwa neno, kama zilivyotamkwa. Zimeingizwa.

Mwenyekiti aliomba zisomwe. Zilisomwa.

Mwenyekiti aliomba zisomwe tena, polepole. Shangazi alimnyang'anya Katibu daftari na kuzisoma yeye, kwa ile sauti yake ya kutangaza matokeo, akiwa amesimama.

KUMB. NA. 7/5: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa na Makamu saa tisa na dakika hamsini na mbili, kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa amekwenda kunawa uso na alikawia kurudi.

Sahihi:

....................................
Baba, Mwenyekiti

....................................
Binti, Katibu