Sukari Haishiki Nywele Fupi

Kadutu, Bukavu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakunyima usingizi? Sisi huku wazima, ila mvua imetuzidi na njia za vilimani zinateleza mno. Mkweo anakusalimu. Kazi uliyonifundisha huko Ujiji, ya kuchemsha sukari na ndimu na kuwatoa maharusi nywele za mwilini, ndiyo wanayonijulia hapa.

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea bibi harusi, Zawadi, yeye ndiye shangazi yake. Sukari iko tayari, namwambia anyooshe miguu, nakuta ameinyoa kwa wembe jana yake! Kisa, alinionea haya. Hakutaka mgeni aone manyoya yake, akajisafisha kwanza, kama mtu anayefua nguo kabla ya kumpelekea dobi.

Wewe unajua, Mama. Nywele isipofika urefu wa punje ya mchele, sukari haina pa kushika. Shangazi hakutaka kusikia, akaniamuru nivute. Nikajaribu kidogo juu ya kifundo. Ngozi ikawa nyekundu, vinywele vikabaki palepale. Nikafunika sufuria. Shangazi akasema sisi watu wa Ujiji ni maneno tu, akatoka kutafuta mwingine.

Zawadi akabaki analia. Harusi kesho kutwa, na vinywele vinachomoza, vinakwaruza.

“Maman, bwana atanigusa, atasema ameoa mwanaume.”

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Nikamwambia afadhali aende na ngozi nzima kuliko na vidonda, aziache nywele zikue, kisha arudi. Lakini iliniuma, Mama. Siku ya harusi nilishinda ndani nikijiuliza kama nimemharibia ndoa mtoto wa watu.

Wiki zikapita, akaja peke yake, nywele zimefika. Nikamuuliza taratibu ilikuwaje.

“Bwana hakuangalia hata miguu, maman. Aliniuliza tu kama nilikula, sababu siku ile yote sikukula. Akaenda mwenyewe kuniletea sahani.”

Basi sasa umefuata nini, nikamuuliza.

“Sasa ni mimi mwenyewe niko nataka.”

Nisalimie dada mkubwa unayekaa naye, na baba mdogo fundi baiskeli, mwambie apunguze kahawa. Natamani ungekuwapo, Mama, umwone yule binti alivyoninyooshea miguu bila haya.

Mwanao anayekuwaza,
Mwajuma