Ukuta Uliouacha Kiunoni

Tata,

Mugisha amelamba ukuta wako sasa hivi. Nimegeuka kidogo tu kukoroga maharage, narudisha macho namkuta ameinamia tofali la pembeni, ulimi nje, analamba polepole kama ndama aliyeona chumvi. Alfajiri kulikuwa na manyunyu, na ukuta unatoa ile harufu uliyokuwa unaipenda. Nimemfuta mdomo kwa kanga yangu. Akanitazama, akasema, "Mama, tamu." Nimecheka, halafu nikaangalia huku na huku kama kuna aliyeona.

Maana Evodi alishamwona siku moja. Akaenda kutangaza kilabuni kwamba dada yake anajenga nyumba ambayo mtoto anaila. Sasa nikipita kuelekea kisimani wananiuliza kama tumeshamaliza sebule. Vijana hao hao uliowafundisha kushika pimamaji, Tata, baba yangu.

Sikuandikii kwa moyo mzuri. Nina hasira, na nyingine ni juu yako. Ulianzisha nyumba hii mwenyewe. Niliporudi kutoka Kyerwa na mtoto mgongoni, baba yake ameoa mwingine, ulinionyesha kipande kilicho juu ya kibanja, shamba letu la migomba, ukasema, "Hapa utajenga, na hatutachoma hata tofali moja." Halafu ukaugua, ukaondoka, ukaniacha na ukuta unaonifika kiunoni. Si ungengoja hata tufike kwenye lenta ya madirisha?

Ngoja nikwambie walichofanya.

Unajua kwetu msiba ukiingia jembe linalala. Hakuna kulima, hakuna kujenga. Yale matofali tuliyofyatua mara ya mwisho yalikuwa bado mabichi, yamepangwa uani, tumeyafunika kwa majani ya mgomba kama ulivyotaka yakauke polepole. Waombolezaji walipojaa wakatafuta majani ya kukalia. Wakayachukua yale. Mimi niko ndani, nimekaa chini na wanawake, naona kupitia mlangoni majani yanavyobebwa. Nikainuka. Shangazi Leokadia akanivuta kanga. "Kaa chini. Mfiwa hashiki tope." Nikakaa. Mchana ikanyesha, mvua ya nguvu, na mimi nasikia kwa masikio yangu kazi yetu inavyorudi kuwa udongo.

Siku ya kuanua matanga wazee wakamsimika Evodi awe mrithi. Akakalia kiti chako. Hata hakijapoa, akawaita wazee uani, akakanyaga ule uji wa matofali kwa kiatu chake, akasema, "Nyumba ya Tata ndiyo hii." Wakacheka. Siku ileile, Tata, macho yetu yakiwa bado yamevimba. Halafu akasema atakata miti yote ya misizi, ile inayokufunika wewe hapo ulipolala na ile iliyo juu ya kahawa, awashe tanuru. Atapata matofali mekundu ya nyumba yake, na yakibaki atanijengea mimi chumba kimoja nyuma, niishi kama watu. Kipande changu kirudi kwenye kibanja, kwa sababu mtoto wa kike hana kibanja.

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Watu hao wameona mlima wa Kanoni ulivyonyolewa miti. Wewe mwenyewe ulichoma tanuru miaka mingi, na wewe ndiye uliyekuwa ukisema, "Mlima huu tumeupika, tumeugawana, sasa tunauliza maji yamekwenda wapi." Hakuna aliyelikumbuka neno hilo. Au wote walilikumbuka wakalimeza.

Sijui nguvu niliitoa wapi. Nilisimama mbele ya wanaume, nikabeba ndoo ya maji, nikaumwagia ukuta wote, kuanzia juu. Si ule uji wa uani, huu ukuta wenyewe, uliokauka vizuri na ile saruji yake kidogo ndani. Ukanywa maji, ukawa mweusi, ukasimama. Hata punje haikudondoka. Nikawaambia stoo ya kahawa uliyojenga Nyakakika ni udongo huuhuu, na waende wakaipige mateke. Nikadhani nimeshinda.

Shangazi Leokadia akasema, "Haya, ameshaiogesha. Aipake na mafuta." Wakafa kwa kicheko.

Baba mdogo Respici ndiye aliyekata shauri. Nikiezeka kabla mvua hazijakolea, misizi ibaki na nyumba iwe yangu. Nisipoezeka, miti ni ya Evodi na mimi nisiseme tena. Evodi akakubali haraka sana. Anajua kwamba mashine ile ya kufyatulia inataka watu wawili.

Unanikumbuka nilivyokuwa najaza udongo, wewe unavuta ule mkono mrefu wa chuma, tofali linatoka limebanwa, unasema, "Lipokee kama mtoto"? Sasa najaza, halafu naurukia mkono mwenyewe. Naning'inia, Tata. Miguu juu, kama nguo kwenye kamba. Mkono haushuki. Mugisha anapiga makofi, anadhani ni mchezo. Nimemwomba kijana wako Joasi, akasema yeye ni fundi, hafyatui chakula. Nimemwomba mke wa Evodi, akatazama nyuma yake kwanza, akasema tumbo linamuuma. Mke huyo anakohoa mchana kutwa kwenye lile jiko la moshi, macho yake yamekuwa kama ya Mama yalivyokuwa kabla hajakutangulia. Ndiyo maana naandika nikiwa na uchungu.

Hata lile shimo la gesi ya samadi ulilochimba kando ya zizi, Evodi amelikataza. Anasema samadi ni ya migomba, na kwamba nataka kulisha ukoo wake ndizi zilizopikwa kwa mavi. Nikamwambia ulivyonieleza, kwamba gesi tunapikia na samadi inayotoka inarudi kwa mgomba, tena imelainika, mgomba unaila vizuri zaidi. Akasema nimesoma wapi. Sikusoma, kweli. Niliishia la saba. Lakini nilikaa miguuni pako, na masikio ninayo.

Usidhani nimekaa tu kulia. Msingi wa mawe nimeuziba pale ulipopaonyesha, ukuta usilowe miguu. Madirisha nimeyaacha yatazamane, kwa sababu ulisema upepo ukiingia upate na pa kutokea, na mchana mtu asiwashe taa kutafuta kijiko. Bati nimeshapata, zimelala kwa mchungaji. Kitanda cha Mugisha nimeshakipangia kona yake. Anaijua. Anakwenda kulala pale chini, juani, hakuna paa, anafumba macho kwa nguvu halafu ananiuliza kama asubuhi imefika. Namwambia bado kidogo.

Ila manyunyu ya leo yamenitisha. Asubuhi Evodi amepita hapa na shoka begani, hakunisalimia. Amegonga shina la msizi ulio kichwani pako, akasikiliza, kama mtu anayebisha hodi. Nimemchukia kaka yangu, Tata. Nasema kweli, nimemchukia, na Mungu ananiona.

Basi lala. Sikuiti uamke, najua ulichoka. Nakuahidi kivuli hicho hakitaondoka juu yako mimi nikiwa hai, na Mugisha ataujua ukuta huu kwa mgongo, akiuegemea, siyo kwa ulimi tu. Nikikosa wa kunisaidia nitafunga mawe kwenye ule mkono wa mashine hadi ushuke. Nita...

Tata, kuna mtu anagonga chuma kule uani. Nilidhani ni Evodi na shoka lake. Ni Shangazi Leokadia. Amejifunga kitenge kiunoni, ameshika mkono wa mashine kwa mikono miwili, anaujaribu uzito.

Anafoka kama kawaida yake. "Koku, acha hayo makaratasi, njoo ujaze udongo. Mimi ndiye mnene, nitaning'inia. Na usidhani nimeipenda nyumba yako. Yale majani niliyakalia mimi."

Ameita tena. Mugisha ameshamkimbilia, amemshika kitenge. Udongo niliuchekecha tangu jana, ni kuloweka tu kidogo, nakwenda, Tata, mwambie Mama kwamba...