Mguu Usiochorwa

Jumatatu, 6 Machi 1978
Nachora mbuzi tangu asubuhi. Filamu ya katuni ya chanjo ya mifugo, gari la sinema litaipeleka hadi Garbatulla. Mchungaji wangu bado ovyo. Nimemwekea macho, ndevu, mikunjo ya shuka. Akisogea, mistari yote inachemka kama maharagwe. Bwana Mwiti, mkubwa wangu, amenicheka. Mistari michache, Amina! Kila picha tunaipiga kamera mara mbili. Picha kumi na mbili, sekunde moja imekwisha.

Jumanne, 14 Machi
Nimefuta uso. Kimebaki kichwa, mwili, fimbo. Kanda imerudi kutoka kusafishwa Nairobi na sasa anatembea kweli kweli. Ila anavuta mguu wa kushoto. Sikumchora hivyo.

Jumatano, 15 Machi
Nimeweka karatasi juu ya kioo cha taa, moja moja. Mguu uko sawa kila picha. Nikizipeperusha kwa kidole gumba, anachechemea. Kilema hakiko kwenye karatasi yoyote. Kiko kati yao.

Naogopa. Dahir alikuwa akivuta mguu wa kushoto. Kaka yangu, aliondoka na lori miaka miwili iliyopita. Lori lilipatikana, yeye hapana. Mama hataki kusikia habari ya khitma, asomewe kama maiti. Beberu wa Dahir bado yuko uani, ananenepa, anamngoja mwenyewe.

Alhamisi, 23 Machi
Sikumwambia Mama neno. Ameniletea chakula ofisini, akakuta nimeziba madirisha kwa blanketi, mashine ya sinema inazunguka. Amesimama mlangoni.

“Mbona unamkimbiza mwanangu? Dahir hakuwa mtu wa haraka, wallahi.”

Kwetu mtu hujulikana kwa mwendo akiwa bado mbali, kabla uso haujaonekana. Nitamdanganya vipi? Chakula kimepoa.

Ijumaa, 31 Machi
Karatasi zile zile, sasa kila moja nimeipiga mara tatu. Kanda imerudi. Amepunguza mwendo. Ni yeye, hata bega. Anatembea tu, hafiki. Mama ametazama, mkono mdomoni.

“Amechoka huyo. Mkalishe, Amina.”

Jumamosi, 1 Aprili
Bwana Mwiti alinionya siku ya kwanza: picha moja ikishikiliwa, hufa. Mtu wako akitulia, mchore tena na tena juu ya mistari ile ile, itetemeke kidogo, aonekane anapumua.

Nimemchora amekaa chini, fimbo mapajani. Mara moja tu. Nimelia mpaka karatasi ikalowa pembeni.

Jumanne, 11 Aprili
Tumetazama wawili. Amekuja akivuta mguu, akakaa. Nilikodoa macho kwenye ule mstari. Haukutetemeka. Mama alisema innalillahi, polepole, na hakuna aliyegusa swichi mpaka kanda ikaisha.

Jioni Mama ametuma mtu hadi Burat amwite mchinjaji wa yule beberu. Khitma ni Ijumaa.